Bamba Lililopita Chini ya Turubai

Katika majukwaa ya uwanja ule mpya kuna mishono mia tatu na kumi na mmoja iliyochomelewa na mwanamke mmoja, na pembeni ya kila mshono pamegongwa namba ya mtu mwingine. Aliihesabu mwenyewe. Hakuwa akijisifu. Mtu aliyefungiwa uso ndani ya kofia ya kuchomelea hana wa kuzungumza naye, na asipohesabu atasinzia.

Walimwita Sindano. Jina hilo alilipata wiki ya pili ya mafunzo, mwalimu wa karakana alipoinua kipande chake mbele ya wenzake na kuuliza, "Nani kashona hii kwa sindano?" Wote wakacheka, yeye akainama kufunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Akisalimiwa na watu wawili kwa pamoja, alimjibu mmoja, kisha akajilaumu siku nzima kwa ajili ya yule wa pili.

Uwanja wa zamani ulipobomolewa, mabango yalijaa kwenye uzio wa mabati: kazi kwa wakazi wa eneo, mafunzo ya ufundi kwa wakazi wa eneo, wanawake wanahimizwa kuomba. Aliyempeleka mbele ya bango hilo ni shemeji yake, mume wa dada yake. "Hebu nisomee hapo chini wameandika nini," alimwambia. Sindano alidhani anapimwa. Alisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama yuko darasani. Ilimchukua mwaka mzima kuelewa kwamba shemeji yake hakuwa akimpima.

Yeye ndiye aliyemfundisha kushika kijiti cha kuchomelea, miaka kadhaa kabla ya mabango, uani kwao, wakitengeneza milango na nondo za madirisha. Sindano alikuwa akiishi kwa dada yake tangu mama yao afariki, akilala sebuleni kwenye godoro lililokunjwa kila asubuhi kabla watoto hawajaamka. Shemeji alipenda utani. Alimwita mke mdogo. Sindano, ambaye kwa watu wengine hakuwa na maneno, kwake alikuwa nayo: "Mke mdogo wa mzee kama wewe? Bora nizeeke na godoro langu."

Mradi ulipoanza, shemeji aliajiriwa kama fundi na Sindano akawekwa chini yake kama mwanafunzi. Utaratibu ulikuwa huu. Kila fundi aliyefaulu mtihani hupewa muhuri mdogo wa chuma wenye namba. Akimaliza mshono anausubiri upoe, anauweka muhuri pembeni na kuugonga nyundo mara moja. Mshono ukija kupasuka baada ya miaka kumi, aliyeuchomelea anajulikana. Mwanafunzi hana muhuri, na kazi yake hugongwa namba ya fundi wake. Namba ya shemeji ilikuwa kumi na saba, na kwa kuwa pale kazini watu wenye namba hawakuitwa tena kwa majina, kutwa ulisikia, "Kumi na Saba, hiyo ngazi vipi?" "Kumi na Saba, chai!"

Sindano aliitaka namba. Hakuitaja kwa mtu, lakini aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu. Mwenye namba huandikwa kwenye daftari la mafundi linalokubalika na wajenzi wengine wote. Anaweza kwenda kwenye madaraja, kwenye maghala, popote, na kupanga chumba chenye mlango wa kufunga.

Mwanzoni shemeji alisema, "Anza wewe, mimi nikapime kule." Baada ya mwezi akawa hapimi tena. Akawa anashika tu ncha ya chuma, kisha anagonga muhuri. Siku moja wakila, akatazama pembeni na kumwambia:

"Nikishusha kioo naona mwezi, shemeji. Mwezi mmoja mweupe katikati, na kazi yote imejificha nyuma yake."

"Toka lini?"

"Toka zile nondo za uani. Miaka yote ile na miwani ya jua, nilidhani inatosha." Akacheka kidogo. "Kumbe jicho lilikuwa linaandika, linasubiri."

Daktari alikuwa amemwambia kwamba kilichoungua nyuma ya jicho hakirudi. Barabarani alitembea vizuri, na nyuso za watu alizitambua kwa umbo na sauti. Ila kile kidimbwi kidogo cha chuma kilichoyeyuka, ambacho fundi anakifuata kama mtu afuataye mdudu kwa kidole, hakukiona tena. Waliojua walikuwa watatu: yeye, mkewe na Sindano.

Ndipo likatoka tangazo. Kabla ya kuanza kuunga kenchi za paa, kila mwenye namba angefanya mtihani upya. Wanafunzi waliomaliza mwaka wangefanya wa kwao siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, kwenye karakana hiyo hiyo.

Jumamosi dada yake alimwita uani.

"Mdogo wangu, njoo unishikie hili shuka."

Wakashika kila mmoja ncha yake, wakaanza kulikamua.

"Shemeji yako kaniambia habari za mtihani," dada alisema.

Sindano akasokota upande wake.

"Sikwambii uibe. Mkono ni wako, kazi ni yako, na anayesaidiwa ni wako."

"Na mtihani wangu mimi, dada?"

"Si utafanya na huo? Mkono mwepesi unao. Kila siku wanakusifia."

"Ni vyuma viwili ndani ya muda wa kimoja."

"Wewe ulinyonya huku umelala huku unajisaidia, vitu vitatu kwa mpigo. Mimi ndiye niliyekuwa nafua hizo nepi."

"Nepi hizo umeshanidai mara ngapi?"

"Nitazidai mpaka nife. Kamua."

Wakacheka wote wawili, na maji yakatiririka miguuni mwao. Sindano alipoachia shuka alijua kwamba ameshakubali, ingawa hakukumbuka ni wakati gani.

Siku ya mtihani karakana iligawanywa vibanda kumi kwa maturubai yaliyoning'inia mpaka chini ya magoti. Kila kibanda kilikuwa na meza ya chuma, vijiti, na bamba moja lenye mfereji katikati wa kujazwa. Vipande vyote vya chuma chakavu vilikuwa vimeondolewa, mtu asije akafanyia mazoezi. Bamba la kibanda cha tano lilichorwa alama ya Sindano. La kibanda cha sita lilichorwa kumi na saba.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni, mikono nyuma. "Saa moja na nusu," alisema. "Sitaki maombi, sitaki visingizio. Shusheni vioo."

Mpango wao ulikuwa rahisi. Shemeji angesukuma bamba lake chini ya turubai. Sindano angelichomelea kwanza, alirudishe, kisha afanye la kwake. Shemeji kwa muda huo angegusagusa meza kwa kijiti ili kibanda chake kitoe sauti.

Bamba lilipita. Sindano alipolishika tu, alihisi uzito wake. Mabamba ya mazoezi yalikuwa membamba. Haya yalikuwa ya chuma cha paa, manene kama kidole gumba. Mshono wa bamba kama hilo unajazwa kwa matabaka, na kila tabaka lazima lipoe kabla ya jingine. Ukiharakisha, chuma kinakuwa kigumu na kikavu, na kikikunjwa kinakatika. Hakuna wepesi wa mkono unaopoza chuma.

Aliweka tabaka la kwanza. Akasubiri. Akagonga magamba, akapiga brashi, akaweka la pili. Akasubiri tena, jasho likimwingia machoni ndani ya kofia. Dakika hamsini zilikuwa zimekwisha na bamba lake mwenyewe lilikuwa bado kwa shemeji, halijaguswa. Alikuwa amelipitisha huko ili mkaguzi akichungulia asione mawili mezani.

Hatua za mkaguzi zikasimama nje ya kibanda cha sita.

"Kumi na Saba, mbona kimya? Umelala?"

"Nausubiri upoe, mama."

"Haya."

Akaenda mpaka mwisho, akarudi, akasimama tena pale pale. Kugusa meza hakutoshi kumdanganya mtu aliyesikiliza kazi hii maisha yake yote. Mezani cheche hutoa mlio mkavu, kwenye mfereji hutoa mlio wa kukaanga. Sindano akasikia kijiti kikiwaka upande wa pili. Kikaanza kukaanga. Kikakata. Kikawaka tena, kikakata, kama mtu anayekohoa.

Alijua kinakaanga wapi. Mle ndani palikuwa na mfereji mmoja tu.

Hakuweza kusema neno, kwa sababu mkaguzi alikuwa hatua tatu kutoka pale. Hakuweza kusimama, kwa sababu tabaka la tatu lilikuwa katikati, na tabaka likiachwa katikati linaharibu yote mawili yaliyo chini yake. Mbele ya kioo cheusi hakikuonekana kitu isipokuwa ule mwanga wa ukubwa wa punje, na mkono wake ukaendelea kuufuata, taratibu, sawasawa, huku sikio lake likisikia upande wa pili namba yake ikiharibiwa. Hakuwahi kuchomelea vizuri kama alivyochomelea dakika zile.

Filimbi ikalia. Mabamba yakapita chini ya turubai, kila moja likarudi kwa mwenyewe. La Sindano lilikuwa bado la moto, na juu yake palikuwa na kitu ambacho mafundi wana jina lake moja tu: mavi ya kuku.

Mkaguzi alilikunja la kumi na saba kwa mashine mpaka likawa kama kiatu cha farasi. Halikupasuka hata unyuzi. Alivaa miwani, akaupitisha ukucha juu ya mshono, akawaonyesha wengine. "Hii ndiyo kazi. Tazameni." La Sindano halikufika hata nusu. Lilikatika kama biskuti.

"Si wewe wanayekuita Sindano?" mkaguzi aliuliza, si kwa ukali. "Ni woga wa mtihani, nimeuona kwa wengi. Miezi mitatu, utarudia. Kuna nafasi."

Njiani shemeji hakutania mpaka walipokaribia nyumbani.

"Nilitaka kugusa tu, asikie. Kisha nikasema kwa kuwa nimeshagusa, labda nijaze vizuri."

"Najua."

"Ungefanyaje wewe?"

"Sijui, shemeji."

"Miezi mitatu si mingi. Mimba ni tisa."

Sindano alikuwa ameanza kuamini hivyo, kwamba miezi mitatu si mingi, orodha ya kikosi cha paa ilipobandikwa Ijumaa. Waliochukuliwa walikuwa watano, wale ambao mabamba yao yalipendeza zaidi. Wa kwanza alikuwa Kumi na Saba. Chini ya orodha, kwa herufi nzito: wanafunzi hawaruhusiwi kupanda juu ya jukwaa la kwanza.

Jumapili walikaa watatu mezani baada ya chakula cha mchana, watoto wakiwa nje.

"Kataa," Sindano alisema.

"Nikatae kwa sababu gani? Niseme naogopa urefu? Nimesaini fomu kwamba siogopi."

"Umwa."

"Nitaumwa Jumatatu. Jumanne je? Niumwe mpaka paa liishe?"

"Ataweza," dada alisema. "Miaka ishirini. Mkono unakumbuka."

"Mkono hauoni, dada."

Dada alianza kukusanya sahani, akazipanga, akazipangua. "Nisikilize, mdogo wangu. Ukinyamaza, baada ya miezi mitatu una namba yako, na yeye ana yake. Ukifungua mdomo, humu ndani hatakuwepo mwenye namba hata mmoja. Mimi nitawalisha nini hao walioko nje? Nepi?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Shemeji alikuwa akipapasa ukingo wa meza kwa kidole gumba, kwenda na kurudi, akitafuta mahali ambapo mbao zimeungwa.

Jumatatu saa moja asubuhi alipanda. Sindano alisimama chini akiwa na grenda mkononi, amepangiwa kulainisha vyuma vya kushikia ngaziani, akamwona akipotea ngazi baada ya ngazi. Huko juu kikosi kilifanya kazi nyuma ya maturubai ya kuzuia upepo. Hakuona cheche, hakuona mtu. Kila alipozima grenda alisikia tu kelele za kawaida: magari, nyundo, mtu akimtukana mwenzake kwa ajili ya kamba.

Chini ya maturubai yale viti vilikuwa vimeshaanza kufungwa, safu za juu kabisa, za bei ndogo. Ndiko wangekaa watu wa mtaa wao. Alijaribu kufikiria kwamba mshono mmoja kati ya kumi hupimwa kwa mashine. Kisha akafikiria ile tisa. Alijaribu kuhesabu, kama alivyozoea, lakini hakupata kitu cha kuhesabu isipokuwa viti.

Saa nne mkaguzi alipita ngaziani akiwa na karatasi zake. Sindano akazima grenda.

"Mama."

Mkaguzi alikuwa ameshapita. Ilibidi aite tena, na safari hii sauti ilitoka kubwa mno, mpaka wafunga viti wakageuka.

"Bamba la kumi na saba ni langu mimi."

"Lako kivipi?"

"Nilichomelea mimi. Yeye alichomelea langu. Haoni, mama. Akishusha kioo haoni kitu."

Mkaguzi akachukua redio kiunoni. "Kumi na Saba asimamishe kazi. Aweke vifaa chini, ashuke. Sasa hivi, na mtu amsindikize." Akairudisha redio. "Wewe twende karakana. Maneno matupu siyaandiki."

Akampa kipande kifupi cha chuma kile kile kinene na kijiti kimoja. Sindano akashusha kioo, akaweka tabaka moja. Alipokiinua, mkaguzi alikuwa ameshavaa miwani. Kile kipande hakukipeleka kwenye mashine. Alikipitishia ukucha, akakiweka mezani kwa uangalifu, kana kwamba kingeweza kuvunjika.

"Ningekupa namba leo hii," alisema. "Lakini nikikupa nitakuwa nimeandika kwamba mtihani ule ulikuwa halali. Anayebadilisha bamba anafutwa, na aliyebadilishiwa anafutwa. Katika mradi huu hutafanya tena mtihani. Ulilijua hilo ulipoizima ile grenda?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema siku ile ile?"

Sindano alitafuta jibu ambalo lisingekuwa na dada yake ndani, wala shuka, wala godoro la sebuleni. 

Shemeji aliingia akiwa ameshikwa mkono na fundi mwenzake. Mkononi alikuwa na pakiti ya vijiti. Mkaguzi akaipokea, akaigeuza. Utepe wake ulikuwa haujakatwa.

"Umechomelea mingapi?"

"Hata mmoja, mama."

"Toka saa moja mpaka saa nne?"

"Nimekaa. Niliteremsha kioo, nikakaa." Akawa anazungumza na ile pakiti, ambayo haikuwa tena mkononi mwake. "Nikianza, nitaua watu. Nikishuka, nitaulizwa. Nikasema ngoja nikae kidogo, halafu nitajua la kufanya."

"Ukalijua?"

"Bado."

Sindano alisikia maneno hayo kama mtu aliyemwagiwa maji. Hakuna chuma kilichokuwa kimeguswa. Kama angenyamaza mpaka jioni, wangemkuta amekaa na kofia yake, wangemshusha peke yake, na asingekuwepo wa kuuliza bamba lile lilikuwa la nani. Baada ya miezi mitatu angekuwa na muhuri. Wazo hilo lilimwingia na halikutafuta njia ya kutoka.

Ofisi ya mafunzo kwa wakazi ilikuwa ndani ya kontena karibu na geti. Karani alikuwa kijana mpole mwenye feni ndogo mezani.

"Hapa pana visanduku viwili," alisema akitazama kompyuta. "Amehitimu, au anaendelea na mafunzo."

"Mimi nimefutwa."

"Nimesikia, dada, pole. Lakini kufutwa hakumo. Bila kuchagua kimojawapo haiendi mbele." Akafikiri. "Niweke anaendelea. Ndiyo iliyo karibu na ukweli."

"Nikitaka kwenda kujifunza kwingine?"

"Hapo sasa. Watakuona bado uko kwetu. Itabidi haya yaishe kwanza."

"Yataisha lini?"

"Mradi ukiisha." Akabonyeza. "Miaka miwili, mitatu. Unajua ujenzi."

Walitoka getini pamoja, saa sita ya mchana, saa ambayo hawakuwahi kuiona barabara ile. Ilikuwa tupu na nyeupe. Shemeji alimshika kiwiko kuvuka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu, na walipofika upande wa pili hakukiachia. Sindano alijaribu kumchukia. Alianza mara mbili, na mara zote mbili alimwona amekaa juu kule nyuma ya turubai, kioo kimeshuka, mikono mapajani, akiutazama ule mwezi wake.

"Umekasirika?" shemeji aliuliza.

"Ndiyo."

"Una haki." Wakatembea. "Ungechelewa kidogo tu, shemeji. Ungenywa hata chai kwanza."

"Usinitanie leo."

"Sikutanii."

Kona ya mtaa wao ikaonekana, na nguo za nyumbani zikipepea juu ya ukuta wa uani. Mtu alikuwa akianika. Shemeji akapunguza mwendo mpaka karibu asimame.

"Sasa dada yako tutamwambia nini?"

"Utamwambia wewe," Sindano alisema. "Mimi leo nimeshasema."